Mashine ya CNC Ikikataa Kurudi Nyumbani: Kutafuta Kosa Hatua kwa Hatua

"Shikamoo kaka. Ile mashine imeanza tena. Nikiiambia irudi nyumbani, Z inapanda mpaka juu, inagonga, halafu inabaki inakoroma."

"Marahaba. Umeizima?"

"Nimechomoa kabisa."

"Safi. Kuna kitu umebadilisha kwenye mipangilio?"

Kimya kidogo. "Namba mbili tatu hivi, kaka."

Dogo yuko Majengo, Moshi, anachonga vibao vya namba za vyumba kwa ajili ya loji kwa mashine ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Mimi niko Unga Limited, Arusha, kwa hiyo kazi yote ilifanyika kwa simu. Kosa lenyewe lilikuwa waya wa swichi ya Z, mhimili wa kupanda na kushuka, uliokatika ndani ya ganda lake, pale unapojikunja kila mhimili unapopanda na kushuka. Kuupata na kuuunga kulichukua kama robo saa. Zile namba mbili tatu ndizo zilizotumalizia jioni, maana hakukumbuka zilikuwa ngapi kabla hajazigusa.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu una sababu: kwanza tunaiuliza bodi (kibao cha umeme kinachoiongoza mashine) inaona nini, halafu tunapima waya, halafu tunaangalia mwelekeo, na mwisho kabisa ndipo tunagusa namba. Wengi wanaanza na namba kwa kuwa ziko kwenye kioo, na kuinama chini ya meza na bisibisi ni kazi. Ninayoyaandika ni ya mashine ndogo zinazoendeshwa na Grbl 1.1, programu iliyo ndani ya bodi, kama zile za 3018 au za kujiundia kwa Arduino Uno na CNC Shield V3. Ukitumia Mach3 au LinuxCNC majina ya mipangilio ni mengine, lakini habari za waya, swichi na vumbi ni zilezile.

Kinachotokea ukiandika $H

Mashine ikiwashwa haijui iko wapi. Mota za stepa zinapiga hatua tu, hazina macho. Kurudi nyumbani, au homingi kama wengi tunavyoita, kwa amri ya $H, ni kuipeleka mashine taratibu mpaka iguse swichi za kikomo, ili pale pawe ndipo kuhesabu kunapoanzia.

Grbl huanza na Z kwenda juu, ili kisu kitoke kwenye mbao kwanza. Z ikimaliza, X (kushoto na kulia) na Y (mbele na nyuma) huenda pamoja. Kila mhimili hukimbia kwa mwendo wa $25 (alama ya $ na namba ni jina la mpangilio wa Grbl) mpaka swichi ibonyezwe, husimama kwa muda wa $26, hurudi nyuma kwa umbali wa $27, kisha husogea tena polepole kwa mwendo wa $24 mpaka swichi ibonyezwe mara ya pili, halafu hurudi nyuma tena na kutulia. Namba za kiwandani ni $25=500 na $24=25, zote kwa milimita kwa dakika, $26=250 milisekunde, na $27=1 milimita. Kariri mlolongo huo, kwa sababu mahali mashine inapokwama panakuambia sehemu iliyoharibika. Ikigonga bila kusimama, bodi haikuiona swichi. Ikisimama vizuri lakini ikalalamika wakati wa kurudi nyuma, swichi imeonekana ila haikuachia. Ikisimama katikati ya hewa, kuna kitu kimeidanganya.

Kuna watu huniambia hawahitaji habari hii, wao huweka sifuri kwa jicho na maisha yanaenda. Sawa, mpaka umeme ukatike kibao kikiwa nusu. Mashine yenye swichi nzima utairudisha nyumbani, na sifuri ya kazi uliyoihifadhi kwa G54 bado iko kwenye kumbukumbu ya bodi, unaendelea ulipoachia. Sifuri iliyowekwa kwa G92 haihifadhiwi, umeme ukiondoka imekwenda. Kipande cha mninga kilichoharibika mara moja kinalipia swichi tatu na chenji inabaki.

Kabla ya kugusa chochote

Andika $$ kwenye sehemu ya amri, nakili orodha yote inayotoka, uihifadhi kwenye simu au kompyuta. Hata kuipiga picha kioo kunatosha.

Kisha toa kisu kwenye spindo, ile mota inayokizungusha. Sogeza mihimili yote katikati kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, ili ikienda vibaya uwe na nafasi ya kuizima kabla haijagonga. Jua kitufe cha dharura kiko wapi. Kama hakipo, weka mkono kwenye soketi. Na usichomoe wala kuchomeka waya wa mota huku bodi ina umeme. Draiva ndogo kama A4988, vile vibao vinavyoendesha mota, zinaungua kwa kosa hilo, nawe utabaki unatafuta tatizo la swichi kumbe umeshatengeneza la pili.

Andika pia $21=0. Hiyo huzima ulinzi wa vikomo vigumu, yaani ule unaosimamisha mashine swichi yoyote ikiguswa. Tutaurudisha baadaye. Ukiuacha, kila utakapobonyeza swichi kwa kidole wakati wa kupima, mashine itaingia kwenye ALARM:1.

Hatua ya kwanza: iulize bodi

Fungua programu yoyote inayokuruhusu kuandika amri moja kwa moja. Ile Serial Monitor ya Arduino kwa kasi ya 115200 inafaa sana kwa kuwa haifichi kitu. Andika alama ya kuuliza, ?, na utume. Utajibiwa mstari kama huu:

<Idle|MPos:0.000,0.000,0.000|FS:0,0>

Wakati mwingine mwanzo utasoma Alarm badala ya Idle, na wakati mwingine mstari unakuwa na vitu zaidi. Usijali. Unachotafuta ni herufi Pn. Hapo juu haipo, maana yake hakuna swichi ambayo bodi inaiona imebonyezwa. Sasa bonyeza swichi ya Z kwa kidole, ishikilie, tuma ? tena:

<Idle|MPos:0.000,0.000,0.000|FS:0,0|Pn:Z>

Ile Pn:Z mwishoni ndiyo macho ya bodi. Achia kidole, uliza tena, iondoke. Fanya hivyo kwa X, kisha kwa Y. Ukiona herufi P ndani yake, hiyo ni ya kipima-uso, haihusiani na vikomo.

Majibu unayoweza kupata ni manne. La kwanza, kila swichi inaonyesha herufi yake na kuiondoa: waya na swichi ni wazima, ruka mpaka kwenye mwelekeo. La pili, ukibonyeza X inatokea Y. Umechanganya plagi, zibadilishane. Unacheka, lakini nimewahi kubadilisha draiva nzima kabla sijagundua hilo.

La tatu, Pn:XYZ inaonekana muda wote hujagusa kitu, na ukibonyeza swichi herufi yake ndiyo inapotea. Hapo $5 iko kinyume na aina ya swichi zako. Swichi ndogo ya kawaida ina miguu mitatu iliyoandikwa COM, NO na NC. Ukitumia COM na NO, mzunguko uko wazi mpaka ubonyezwe, na $5 inatakiwa kuwa 0. Ukitumia COM na NC, mzunguko umefungwa mpaka ubonyezwe, na $5 ni 1. Angalia kwamba $5 ya Grbl ni moja kwa mihimili yote. Huwezi kuwa na X ya NO na Z ya NC kwenye bodi moja ukategemea maelewano. Na ukiweka $5=1 huku mhimili mmoja hauna swichi kabisa, bodi itausoma kama umebonyezwa siku zote.

La nne, unabonyeza na hakuna kinachotokea. Hili ndilo lenye kazi.

Hatua ya pili: swichi, waya, au bodi?

Usianze kufumua. Gawa njia katikati. Zima umeme, chomoa plagi ya swichi kwenye bodi, washa tena. Chukua kipande kifupi cha waya na uunganishe mguu wa ishara na mguu wa GND (hasi ya bodi) wa mhimili huo kwa sekunde moja, huku ukiuliza ?. Angalia mara mbili kabla ya kugusa: ni ishara na GND, si 5V na GND. Ukiunganisha 5V na GND bodi itajizima, kompyuta itaikataa, na siku mbaya kitaungua kitu.

Ukiona Pn ikibadilika, bodi ni nzima na kosa liko kwenye waya au swichi. Isipobadilika, kosa liko upande wa bodi, na kama ni Z kwenye CNC Shield V3 nina hakika karibu kabisa ni kitu gani.

Hapo palinila siku mbili. Kwenye shildi hiyo, pini zilizoandikwa Z+ na Z- zimeunganishwa na pini namba 11 ya Arduino. Zamani ilikuwa sawa. Lakini kuanzia Grbl 0.9 watengenezaji walihamisha swichi ya Z kwenda pini namba 12, kwa sababu namba 11 ndiyo inayoweza kutoa ishara ya kudhibiti mwendo wa spindo. Maandishi kwenye shildi hayakubadilika. Matokeo yake unachomeka swichi ya Z mahali palipoandikwa Z, kila kitu kinaonekana sawa, na Z inapanda mpaka inagonga. Chomeka ishara ya Z kwenye pini iliyoandikwa SpnEn, hiyo ndiyo namba 12. X ni namba 9 na Y ni namba 10, hizo hazikuhama.

Kama bodi ni nzima, chukua mita, iweke kwenye mlio. Pima kwanza kwenye miguu ya swichi yenyewe, halafu kwenye ncha ya waya iliyochomolewa kutoka kwenye bodi. Swichi ikilia vizuri mguuni na isilie kwenye plagi, waya umekatika. Huku ukipima, ukunjekunje waya taratibu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waya wa dogo wa Moshi ulikuwa unalia ukiwa umenyooka na kunyamaza ukikunjwa kwa upande mmoja tu. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa, ganda halina hata mkwaruzo. Waya wa nyuzi moja nene ndio unaokatika hivi. Tumia wa nyuzi nyingi nyembamba, uache kitanzi cha kutosha pale unapojikunja.

Hapa ndipo ninapopendelea NC, na nitabishana na yeyote. Waya wa NO ukikatika, bodi inadhani hakuna kilichobonyezwa na mashine inagonga. Waya wa NC ukikatika, bodi inaona kikomo kimeguswa na inakataa kwenda. Kati ya mashine inayokataa na mashine inayogonga, mimi nachukua inayokataa.

Zile swichi zilizokuja zimeshalehemiwa kwenye kibao kidogo chenye waya tatu ni za kuangalia kwa makini zaidi. Mpangilio wa 5V, GND na ishara unatofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na rangi za waya hazina kanuni ya kuaminika. Kama ukibonyeza swichi kompyuta inapoteza bodi ghafla, umeunganisha 5V na GND kupitia swichi. Chomoa mara moja. Kwa swichi ya kawaida ya kubonyeza waya mbili zinatosha, ishara na GND. Ule wa 5V ni wa kukata tu, ufunge kwa tepu ya umeme.

Vihisi vya chuma, vile vya mviringo vyenye taa nyekundu nyuma, ni habari nyingine. Waya wa kahawia ni chanya, wa bluu ni hasi, mweusi ni ishara. Nunua cha NPN. Cha PNP kinatuma volti ya chanya chake kwenye ishara, na ukikilisha 12V umeipeleka 12V kwenye pini inayotaka 5V. Hata cha NPN, kabla ya kukiunganisha, pima mweusi dhidi ya bluu bila chuma mbele yake. Ukiona volti karibu na ile unayokilisha, usiunganishe moja kwa moja. Weka optokapla katikati, kifaa kinachopitisha ishara bila kuunganisha umeme wa pande mbili.

Hatua ya tatu: mwelekeo

Swichi zote zinaonekana, lakini ukituma $H mashine inaenda upande usio na swichi. Ndugu zangu wengi hapa wanakimbilia $23. Subiri. Kuna namba mbili zinazogeuza mwelekeo, na mpangilio wa kuzirekebisha una umuhimu.

Anza na $3, ambayo inageuza mota yenyewe. Andika $X kufungua alamu, kisha isogeze mashine kidogo kidogo kwa vitufe. X chanya lazima ipeleke kisu kulia, Y chanya ipeleke kisu nyuma, mbali nawe, Z chanya ipandishe kisu. Kwenye 3018 meza ndiyo inayosogea kwa Y, na hapo watu wanachanganyikiwa. Fikiria kisu, usifikirie meza. Ili kisu kielekee nyuma ya mbao, meza lazima ije kwako. Kwa hiyo Y chanya ikileta meza tumboni kwako, iko sahihi, usiiguse.

Mhimili uliogeuka unarekebishwa kwa kujumlisha: X ni 1, Y ni 2, Z ni 4. Ukitaka kugeuza Y peke yake kutoka sifuri, $3=2. X na Z, $3=5. Hesabu hiyohiyo inatumika kwenye $23.

Mpaka vitufe vyote vimetii ndipo ugeukie $23. Hiyo inaambia Grbl swichi ziko ncha ipi. Ikiwa 0, Grbl inadhani swichi ziko kulia, nyuma, na juu. Kama zako ziko kushoto na mbele, andika $23=3. Ukianza na $23 halafu ukagundua $3 nayo ilikuwa mbaya, ukiigeuza $3 mwelekeo wa nyumbani nao unageuka, na unarudi mwanzo. Nimeona mtu akizunguka hapo mpaka adhana ya magharibi.

Hatua ya nne: jaribu hewani kwa kidole

Mihimili ikiwa katikati, bila kisu, tuma $H na uwe tayari. Z itaanza kupanda. Kabla haijafika kwenye swichi yake, ibonyeze wewe kwa kidole. Z inatakiwa isimame papo hapo. Achia mara tu inaposimama. Itakuja tena polepole, ibonyeze tena, uachie tena. Kisha X na Y zitaanza pamoja, nawe fanya hivyo hivyo kwa kila moja, mkono huu X na ule Y. Kama una mwenzako karibu mwite, maana vidole havitoshi.

Ukibonyeza na haisimami, zima. Usisubiri uone. Rudi kwenye hatua ya kwanza, na uhakikishe umebonyeza swichi ya mhimili unaotembea.

Ikijibu error:5 bila kutikisika, $22, inayoruhusu kurudi nyumbani, iko kwenye 0. Andika $22=1. Ikijibu error:9 ukiisogeza, bado imefungwa na alamu.

Jaribio hili likipita, iache sasa iende yenyewe mpaka kwenye swichi halisi, mkono ukiwa kwenye soketi.

ALARM:8 na ALARM:9

ALARM:8 maana yake swichi ilibonyezwa, mashine ikarudi nyuma kwa umbali wa $27, na swichi bado imebonyezwa. Mara nyingi sababu ni milimita moja kuwa ndogo. Swichi yenye ulimi mrefu wa bati huachia mbali zaidi ya pale iliponasa. Ongeza $27 iwe 2, kisha 3. Isipokubali hata kwa 3, acha kuongeza. Angalia ulimi kama umepinda, au skurubu ya kuishikia swichi imelegea na swichi inasukumwa pamoja na mhimili. Sababu nyingine ni waya wa NC uliokatika, ambao kwa bodi ni swichi iliyobonyezwa milele.

ALARM:9 maana yake Grbl imetafuta na haikuipata. Haitafuti bila mwisho: inakwenda mara 1.5 ya urefu wa safari ulioandikwa kwenye $130, $131 na $132. Namba ya kiwandani ni 200, kwa hiyo inakata tamaa baada ya milimita 300. Kwenye mashine yangu kubwa, yenye safari ya milimita 900 kwa Y, ilikuwa inatembea theluthi ya njia, inasimama, inatoa ALARM:9, na swichi iko mbele huko haijaguswa. Nilikuwa nimesahau kuandika urefu wa kweli.

Sababu iliyojificha ya ALARM:9 ni hatua kwa milimita. Mashine ya 3018 yenye nondo ya skurubu ya T8 inayosogeza milimita 4 kwa mzunguko, mota ya hatua 200 na draiva iliyogawa kila hatua kwa 16, inahitaji 800 kwenye $100 hadi $102. Bodi iliyopakiwa Grbl upya inaweza kurudi kwenye 250. Hapo unaiambia iende milimita 300, nayo inaenda kama 94. Pima: iambie iende milimita 50, weka rula. Ikienda chini ya sentimita mbili, umeshajua.

Kama mota inakoroma bila kusogea wakati wa kutafuta, mwendo wa $25 umezidi uwezo wake, au kapilingi, kile kiungo cha mota na nondo, imelegea na nondo haizunguki pamoja na mota. Chora mstari kwa kalamu kwenye kapilingi ukivuka mpaka kwenye mhimili wa mota. Mistari ikiachana baada ya kusogea, kaza zile skurubu ndogo.

Inafanya kazi asubuhi, inakataa jioni

Mwezi mmoja wa kiangazi mashine yangu ilikuwa inarudi nyumbani vizuri nikifungua karakana, na saa kumi jioni inasimama katikati ya hewa na kutangaza kwamba imefika. Haina alamu, haina kelele. Nilibadilisha swichi. Nilibadilisha bodi. Kisha siku moja nikatuma ? mara kwa mara bila kugusa kitu huku fundi mwenzangu akiwasha mashine ya kuvutia vumbi, na Pn:X ikawa inawaka na kuzima kama taa ya bodaboda.

Hiyo ni kelele ya umeme. Ndani ya Arduino pini ya swichi inashikiliwa na rizista ya kilo-ohmu 20 hadi 50, ushikiliaji dhaifu sana. Waya mrefu wa swichi uliofungwa pamoja na waya wa spindo unageuka antena. Na bomba la plastiki linalopitisha vumbi kavu la mbao linajaza umeme tuli, hasa kiangazi hewa ikiwa kavu. Asubuhi nilikuwa narudisha nyumbani kabla ya kuwasha kivuta vumbi, jioni nilikuwa nakiacha kinaunguruma.

Kuongeza $26 hakusaidii hapa, ingawa kila mtu atakushauri hivyo. Ule ni muda wa kusubiri baada ya swichi kuonekana, wala hauchuji kitu. Nilichofanya kwa mpangilio: nilitenganisha waya za swichi na za mota na spindo, na pale zinapolazimika kupishana nikazipitisha kwa kukatiza. Nikaweka kapasita ya 0.1 mikrofaradi kati ya ishara na GND kwenye kila plagi, karibu kabisa na bodi. Nikaongeza rizista ya 4.7 kilo-ohmu kati ya 5V na ishara. Nikazungushia bomba la vumbi waya mtupu ulioungwa kwenye waya wa ardhi wa jengo. Baada ya kapasita tu tatizo lilipungua sana, na baada ya rizista likakoma. Ukitumia kebo yenye wavu wa chuma, unganisha wavu huo na GND upande wa bodi pekee. Ukiunga ncha zote mbili unatengeneza njia nyingine ya kelele.

Karakana nyingi za mtaani soketi ina tundu la ardhi lakini nyuma yake hakuna waya. Kama spindo yako ni ya 220V yenye inveta, mwite fundi umeme apime kabla ya yote. Hapo habari si homingi tena, ni uhai wako.

Vumbi

Hili fupi. Unga wa mninga na mkongo unaingia kwenye swichi za wazi na kuzifanya zinate. Mpingo ni mbaya zaidi, unga wake ni mwembamba kama poda. Puliza swichi kila Jumamosi kwa pampu ya mkono. Usipulize kwa kompresa karibu, unausukuma unga ndani. Ukiweza, zigeuze swichi ulimi utazame chini.

Je, inarudi palepale?

Mashine kurudi nyumbani bila alamu hakutoshi. Inatakiwa kurudi mahali pale pale. Usiogope ukiona baada ya $H inaandika -1.000 kila mhimili: Grbl inaweka kona ya swichi kama sifuri na eneo lote la kazi linakuwa hasi, na ile moja ni umbali wa $27. Ukiwa na $23=3 na safari ya 300, X itasoma -299.000. Sawa vilevile.

Jaribio langu ni hili. Weka kisu chakavu, rudisha nyumbani, shusha Z kwa amri mpaka kipande cha karatasi ya daftari kinashikwa kidogo kati ya kisu na meza ukikivuta. Andika namba ya Z ya MPos, yaani mahali mashine ilipo. Pandisha, tuma $H, kisha irudishe kwa amri ya G53 kwenye namba ileile, uvute karatasi. Rudia mara kumi. Ikishika kwa namna ileile kila mara, iko vizuri. Ikishika mara tatu na kuachia mara saba, punguza $24, kaza swichi, na uangalie kama ulimi wa bati unacheza. Kuukata ulimi huo na kuacha kitufe chenyewe kiguswe kumenisaidia zaidi ya mara moja. Kwa X na Y chonga kidoti kidogo kwenye kipande cha plastiki, rudisha nyumbani, urudi kwenye kidoti. Utaona kwa macho kama kisu kinaingia tunduni au kinachora ukingo.

Ikipita, rudisha $21=1, na kama safari za $130 hadi $132 ni za kweli, weka pia $20=1 ili mashine ikatae kazi inayovuka meza. Ukiwasha ikatokea "Check Limits", kuna swichi imebonyezwa kabla hujaanza. Isogeze kwa mkono umeme ukiwa umezimwa.

Halafu nakili $$ upya. Dogo wa Majengo sasa anayo yake kwenye simu. Yangu nimeichapisha na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la bodi, na kwenye mstari wa $27 ile 1 imekatwa kwa kalamu, pembeni pameandikwa 3 na tarehe.